Mashini ya kupumua, homa ya mapafu na mikono ya watu wengi

Katika vyumba vya dharura vya hospitali za Kivu kuna mfuko wa mpira wenye umbo la yai kubwa, na mbele yake kifuniko cha kuweka puani na mdomoni. Wauguzi wanauita ambu. Mtoto akizaliwa bila kulia, au mgonjwa akiacha kupumua, muuguzi anaukamata mfuko huo na kuanza kuukamua: hewa inaingia, hewa inatoka. Wengi wanaoutumia hawajui kwamba mfuko huo una historia, na kwamba historia hiyo inaanzia katika mji mmoja wa Ulaya ambao siku moja ulijikuta na wagonjwa wengi kuliko mashini.

Historia hiyo inagusa pia swali linalobaki kwa jamaa nyingi baada ya msiba. Mtu alipelekwa reanimasyo, chumba cha wagonjwa mahututi, kwa sababu ya risasi, ajali ya pikipiki au malaria iliyopanda kichwani. Akawekwa kwenye mashini ya kupumua. Baada ya siku chache waganga wakasema ana homa ya mapafu, ugonjwa ambao hakuja nao. Akafa. Ndugu wanarudi nyumbani, au wanarudi kambini, wakiulizana: je, mashini ndiyo iliyomuua?

Jibu linahitaji kurudi nyuma zaidi ya miaka 70.

Copenhagen, 1952

Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, makao makuu ya Denmark, ulivamiwa na polio. Ni ugonjwa uleule ambao leo watu wa chanjo wanapita nyumba kwa nyumba na kambi kwa kambi kuwatilia watoto matone mdomoni. Wakati huo chanjo haikuwepo bado. Hospitali ya Blegdam, iliyopokea magonjwa ya kuambukiza, ilijaa. Kati ya mwezi wa saba na mwanzo wa mwezi wa kumi na mbili iliandikisha wagonjwa wa polio 2,722. Kati yao 316 walipatwa na shida ya kupumua au ya kumeza.

Mashini za wakati huo hazikuwa kama za leo. Kubwa kati yake ilikuwa sanduku la chuma ambalo mgonjwa alilazwa ndani yake, kichwa tu kikibaki nje. Ilitengenezwa Boston, Marekani, mwaka 1928. Sanduku lilivuta kifua na kukiachilia ili hewa iingie. Blegdam ilikuwa na sanduku moja la namna hiyo, na mashini ndogo 6 za kufunga kifuani.

Hata wale waliopata mashini hawakupona. Kati ya wagonjwa 31 wa kwanza walioshindwa kupumua, 27 walikufa. Sababu moja ilikuwa wazi kwa aliyesimama karibu na kitanda: polio ilikuwa imeua nguvu ya koo. Mgonjwa hakuweza kumeza wala kukohoa. Mate na makohozi yalishuka mapafuni, na sanduku la chuma liliendelea kuvuta kifua cha mtu anayezama ndani ya mate yake mwenyewe.

Mkubwa wa idara, Profesa H.C.A. Lassen, alishauriwa na wenzake amwite mtu wa kazi nyingine kabisa. Mtu huyo alikuwa Bjørn Ibsen, daktari wa kulaza watu usingizi wakati wa upasuaji. Siku hizo daktari wa usingizi alifanya kazi yake katika chumba cha upasuaji. Hakuna aliyemtazamia kwenye wodi ya polio. Lakini Ibsen alijua jambo moja ambalo waganga wa wodi hawakulizoea: namna ya kumpumulia mtu asiyeweza kupumua, saa baada ya saa, kwa mkono. Vipimo vya damu vya wagonjwa vilikuwa vimewachanganya waganga. Ibsen aliviangalia akasema kwamba wagonjwa wanakufa kwa sababu hewa chafu haitoki mwilini.

Tarehe 27 mwezi wa nane alipewa mgonjwa mmoja wa kujaribia: Vivi Ebert, msichana wa miaka 12, aliyepooza mikono na miguu na aliyekuwa akifa. Mpasuaji alitoboa tundu mbele ya shingo, mpira ukaingizwa kwenye njia ya hewa. Mpira huo ulikuwa na kiputo kinachojazwa hewa ili kuzuia mate yasishuke chini. Mambo hayakwenda vizuri mara moja. Mtoto alihangaika, kifua kikabana, na baadhi ya waganga waliokuja kutazama wakatoka chumbani. Ibsen akampa dawa ya usingizi. Mwili ulipolegea, akaukamua mfuko, na kifua kikainuka. Rangi ya mtoto ikarudi.

Vivi alipona kifo siku ile. Lakini swali likaja palepale: nani atakamua mfuko kesho, na kesho kutwa, kwa wagonjwa makumi?

Wanafunzi 1,500

Hapakuwa na mashini za kununua haraka. Hospitali ikaita watu. Wanafunzi wa udaktari na wa udaktari wa meno, karibu 1,500 kwa jumla, walikuja kwa zamu. Kila mmoja alikaa kichwani mwa kitanda na kukamua mfuko kwa masaa, kisha mwingine akashika mahali pake. Kuna nyakati wagonjwa 70 walipumuliwa kwa mikono siku moja. Wengi walikuwa watoto wasioweza kusema kwa sababu ya tundu la shingoni, na wanafunzi wakajifunza kusoma macho yao na kuwasomea hadithi. Wengine waliendelea kukamua mpaka mgonjwa alipokufa mikononi mwao.

Mara nyingi watu wanaosimulia habari hii wanaishia kwa wanafunzi. Lakini mfuko peke yake haungetosha. Wauguzi walinyonya makohozi kwa mpira mwembamba, mchana na usiku. Wataalamu wa viungo waligonga vifua na kuwageuza wagonjwa ili uchafu usitulie mahali pamoja. Wapasuaji wa koo waliweka mipira. Watu wa maabara walipima damu na kuwaambia waliokuwa kitandani kama hewa inatosha. Mmoja akilegea, kazi ya wengine iliharibika. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 87 kati ya 100 walioshindwa kupumua walikufa. Idadi hiyo ikashuka hadi karibu 40, kisha ikaendelea kushuka.

Mwezi wa kumi na mbili 1953, Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huo chumba cha pekee kwa wagonjwa wanaohitaji uangalizi wa saa 24. Wanahistoria wengi wanakihesabu kuwa reanimasyo ya kwanza duniani. Na mwaka 1956, Wadenmark wawili, Henning Ruben na Holger Hesse, walitoa mfuko unaojijaza wenyewe hewa bila kuunganishwa na chupa ya oksijeni. Waliuita Ambu. Ndio huohuo unaokamuliwa leo Bukavu, Beni na Bunia.

Mlango uliobaki wazi

Miaka iliyofuata, mashini za umeme zilichukua kazi ya mikono ya wanafunzi. Zilisukuma hewa kupitia mpira unaopita mdomoni au shingoni hadi kwenye njia ya hewa. Watu waliokuwa wafe walianza kuishi. Lakini waganga wakaona kwamba mgonjwa akikaa siku nyingi kwenye mashini, homa ya mapafu inamfuata.

Sababu yake si uchawi, wala si hewa ya mashini yenyewe. Mtu mzima wa afya ana walinzi wa mapafu. Koo linajifunga wakati wa kumeza, na kikohozi kinatoa kilichopotea njia. Mpira unapita katikati ya walinzi hao na kuliacha koo wazi. Mate yenye vijidudu yanakusanyika juu ya kiputo, kisha yanateleza kidogokidogo pembeni mwake. Vijidudu vinajenga utando ndani ya mpira. Mgonjwa akilala chali bila kuinuliwa, chakula cha tumboni kinapanda hadi kooni na kushuka upande wa pili. Dawa ya usingizi inazima kikohozi kilichobaki. Na mkono usionawa unaleta vijidudu vya kitanda cha jirani. Ndiyo maana waganga, wakiona homa ya mapafu imeanza baada ya siku mbili tangu mpira uingizwe, wanaihesabu kuwa imetokana na kuwekwa kwenye mashini.

Kwa hiyo mashini iliyomwokoa mgonjwa ndiyo iliyofungua mlango. Kuiondoa kabla ya wakati ni kumuua. Kuiacha bila ulinzi ni kumweka hatarini kila siku inayopita.

Kitanda, usingizi na mswaki

Majibu yalipatikana polepole, na mengi yalikuwa mambo madogo.

La kwanza ni kitanda. Huko Copenhagen, mgonjwa aliyeshindwa kumeza alilazwa kichwa kikiwa chini kuliko miguu, ili mate yamtoke mdomoni. Kwa mgonjwa wa mashini anayelishwa kwa mpira, jambo hilo lilikuja kugeuzwa. Mwaka 1999 waganga wa Barcelona, Hispania, walitangaza matokeo ya wagonjwa 86. Kati ya 47 waliolala chali bila kuinuliwa, 16 walishukiwa kuwa na homa ya mapafu. Kati ya 39 walioinuliwa kichwa na kifua hadi nyuzi 45, yaani nusu ya kukaa wima, ni 3 tu. Tofauti ilikuwa kubwa hata utafiti ukasimamishwa kabla ya wakati wake.

La pili ni usingizi. Mwaka 2000 waganga wa Chicago walionyesha kwamba, dawa ya usingizi ikikatizwa mara moja kila siku ili mgonjwa aamke na kupimwa, siku za kukaa kwenye mashini zinapungua: kutoka karibu 7 hadi karibu 5. Kila siku inayopungua ni siku moja ambayo mlango umefungwa.

La tatu ni kinywa. Kwa miaka mingi hospitali za nchi tajiri zilipaka dawa ya kuua vijidudu mdomoni mwa mgonjwa. Uchunguzi wa baadaye ulitia shaka faida ya dawa hiyo, na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2022 ukaacha kuipendekeza. Kilichobaki kwenye mwongozo huo ni kusugua meno ya mgonjwa kwa mswaki.

Kuinua kitanda, kumwamsha mgonjwa, kusugua meno, kunawa mikono: hakuna hata moja linalohitaji chuo kikuu. Basi kwa nini homa ya mapafu haikuisha?

Kila mtu alijua, hakuna aliyefanya

Waholanzi walipata sehemu ya jibu. Walitaka kurudia jaribio la kitanda katika hospitali zao, wakapima kitanda kwa kifaa mchana na usiku. Mwaka 2006 walitangaza kwamba wagonjwa waliopaswa kuinuliwa hadi nyuzi 45 walikaa, kwa wastani, kwenye 28 hivi. Amri ilikuwa imeandikwa na kila mtu aliijua. Lakini kitanda hakikubaki kwenye nyuzi hizo. 

Huko Baltimore, Marekani, daktari Peter Pronovost na wenzake waliona jambo la namna hiyo. Waliwauliza waganga vijana na wauguzi wa reanimasyo, mara baada ya mkubwa kupita kitanda kwa kitanda: lengo la mgonjwa huyu kwa leo ni nini? Waliojua hawakufika hata 10 kwa 100. Mkubwa alikuwa amesema maneno mengi ya kitaalamu, kila mmoja akaondoka na lake. Wakaleta karatasi moja kwa kila mgonjwa: leo tunataka nini, nani atafanya, kipi kinamzuia asitoke hapa. Baada ya wiki chache zaidi ya 95 kwa 100 walijua. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2003.

Kazi hiyo ilipelekwa kwenye jimbo la Michigan, katika vyumba zaidi ya 100 vya wagonjwa mahututi. Kila chumba kilikuwa na daktari na muuguzi waliokubali kuongoza pamoja. Walikusanya mambo machache yanayofanywa yote pamoja, kila siku, kwa kila mgonjwa wa mashini. Kitanda kiinuliwe. Dawa ya usingizi ipunguzwe. Mgonjwa apimwe kama anaweza kupumua mwenyewe. Azuiliwe vidonda vya tumbo, na damu isigande miguuni. Jambo moja likikosekana, siku hiyo haikuhesabiwa kuwa imetimizwa.

Lakini jambo zito zaidi halikuwa kwenye orodha. Mpango huo uliwafundisha wakubwa kusikiliza. Muuguzi aliyeona kitanda kimeshuka, au daktari akimgusa mgonjwa bila kunawa, alikuwa na haki ya kusema, na mkubwa alikuwa na wajibu wa kusikia bila kukasirika. Anayejua jamii ambayo mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu anaelewa ugumu wake. Na Wamarekani nao walikuwa na ugumu huohuo.

Matokeo ya vyumba 112 yalitangazwa mwaka 2011. Tuseme wagonjwa 100 wakikaa kwenye mashini siku 10 kila mmoja: hizo ni siku 1,000. Mwanzoni, chumba cha katikati kati ya vyumba vyote kilikuwa na wagonjwa 5 hadi 6 wa homa ya mapafu katika siku 1,000 kama hizo. Baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, chumba cha katikati hakikuwa na hata mmoja. Ugonjwa haukuisha kila mahali, maana wastani wa vyumba vyote ulishuka hadi nusu tu. Wataalamu pia wanabishana mpaka leo juu ya namna ya kuuhesabu, kwa kuwa picha ya kifua inaweza kusomwa tofauti na watu wawili. Lakini nusu ya wagonjwa hao ni watu, na hakuna mashini mpya iliyonunuliwa ili kuwaokoa.

Huku mashariki

Mwezi wa kwanza 2025, vita vilipofika Goma, hospitali za mji zilipokea majeruhi kupita vitanda vyao, na hospitali ya CBCA Ndosho ilikuwa kati ya zilizobeba mzigo mkubwa. Waliokuwepo hawahitaji kuelezwa Copenhagen ya 1952 ilikuwaje. Mashini za kupumua ni chache, oksijeni ni ghali, umeme unakatika.

Tofauti moja ni kwamba huku mgonjwa hayuko peke yake. Mama, dada au shangazi analala kwenye mkeka karibu, anapika, anafua, analinda. Katika hospitali nyingi za Ulaya mtu huyo anaruhusiwa kwa saa chache tu. Huku ni sehemu ya kazi, hata kama jina lake halimo kwenye orodha ya zamu.

Kuna vitu ambavyo si vyake. Asiguse mpira wala vitufe vya mashini, asimpe mgonjwa maji au uji mdomoni. Na si kila mgonjwa anayeinuliwa: aliyeumia uti wa mgongo, au ambaye damu yake inasukuma kwa nguvu ndogo, anaweza kudhurika. Hilo linaamuliwa na waganga.

Lakini anaweza kunawa kwa sabuni kabla ya kumshika ndugu yake na baada ya kumshika. Kitanda kilichoshushwa wakati wa kuogeshwa kikisahauliwa, anaweza kuita. Anaweza kuleta mswaki na kumuuliza muuguzi: “Mama, leo kinywa chake kimesafishwa?” Anaweza kuuliza waganga wanapopita: “Docta, leo mnataka afike wapi?” Ni swali lilelile lililoandikwa kwenye karatasi ya Baltimore.

Hospitali nayo ina sehemu yake. Sabuni na maji vipatikane kitandani, si mwisho wa koridori. Muuguzi wa usiku anayesema “daktari, hukunawa” alindwe, asihamishwe kwa kukosa heshima. Na anayeuliza asifukuzwe kama msumbufu.

Wale wanafunzi wa Copenhagen hawakuwa madaktari bado. Wengi walifika bila kujua chochote juu ya polio. Walionyeshwa namna ya kukamua mfuko, wakapewa kiti kichwani mwa kitanda na jina la mtu wa kuita mambo yakiharibika. Walikamua mpaka mwenzao wa zamu alipofika, na hakuna aliyeinuka kabla ya mwingine kuushika mfuko.